Mtihani wa leseni kwa madaktari waliosoma nje: unapima nini hasa, na kwa nini aliyefaulu bado hana kazi

Kila ikitoka habari kwamba madaktari waliosoma nje wamefeli mtihani wa leseni, mitandaoni watu wanagawanyika makundi mawili na yote yanapiga kelele. La kwanza linasema mmeona sasa, hawa walinunua vyeti huko. La pili linasema huo ni ubaguzi tu, mtu kasoma miaka sita, kashika wagonjwa, leo anaambiwa akae chini afanye mtihani kama mtoto wa shule. Katikati ya hizo kelele huwa anatokea mtu mmoja anauliza swali ambalo hakuna anayemjibu: kwani huo mtihani unapima nini? Na kusema kweli hata baadhi ya wanaojiandaa nao hawajui, wanajua idadi ya maswali na jina la kitabu wanachokesha nacho, basi.

Tuanze na maneno maana vurugu inaanzia hapo. Watu wanachanganya vitu vitatu: digrii, leseni na ubingwa. Digrii inatoka chuo, iwe imeandikwa MD, MBBS au MBChB, na inachosema ni kwamba huyu alisoma kwetu akamaliza akafaulu mitihani yetu. Leseni inatoka kwa baraza la madaktari, au mamlaka yoyote iliyopewa kazi hiyo na sheria ya nchi unayotaka kufanyia kazi, na yenyewe inasema una ruhusa ya kutibu watu ndani ya mipaka yetu. Ruhusa hiyo inahuishwa, inaweza kuwekewa masharti, na ukiharibu inafutwa. Ubingwa ni hatua ya juu yake, miaka kadhaa ya mafunzo mengine baada ya udaktari wa kawaida, upasuaji au watoto au moyo au chochote.

Mchukulie mchezaji anayehamia ligi ya nchi nyingine. Mpira anaujua, huko alikotoka alikuwa anaanza kila mechi, klabu mpya imeshamtambulisha na picha zimesambaa, lakini kama karatasi zake za uhamisho hazijakamilika na ligi haijamsajili basi siku ya mechi anakaa jukwaani na mashabiki. Hakuna anayesema hajui mpira. Ligi imesema tu kwamba hajaruhusiwa kuingia uwanja huu. Daktari asiye na leseni ya nchi fulani yuko hapo hapo, digrii anayo, uwanjani haruhusiwi.

Kwa hiyo ukisikia fulani kafeli mtihani wa leseni wa nchi fulani, digrii yake iko palepale, leseni ya nchi nyingine kama anayo iko palepale. Daktari feki ni yule asiye na digrii kabisa au mwenye cheti cha kughushi, na huyo kwa kawaida anakwama kwenye uhakiki wa cheti, nitaeleza kwa nini.

Sasa swali linalofuata, na ni la haki kabisa: kama digrii inatoka chuo halali kwa nini baraza lisiiamini tu? Jibu fupi ni kwamba baraza haliwezi kuvijua vyuo vyote. Orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari ina vyuo zaidi ya 3,000. Vingine vinafundisha miaka minne baada ya digrii ya kwanza, vingine miaka sita moja kwa moja kutoka sekondari. Kuna chuo mwanafunzi anazalisha akina mama kwa mikono yake na kuna chuo anasimama nyuma ya wenzake kumi na tano akichungulia. Baraza la nchi moja halina watu wala bajeti ya kwenda kukagua vyuo vyote hivyo kila mwaka, ndiyo maana linatafuta kipimo kimoja ambacho kila mtu atapitia bila kujali katokea wapi. Mtihani unaonekana mkali lakini ukiufikiria vizuri ndio unaompa nafasi mtu wa chuo kisichojulikana, maana bila huo wangechukua wa vyuo vyenye majina makubwa tu wakafunga mlango.

Na hapa niseme kitu ambacho hakisemwi sana. Mtihani sio kizuizi pekee, kuna makaratasi. Nchi nyingi sasa zinataka cheti chako kithibitishwe na chuo chenyewe moja kwa moja, yaani wewe unatuma nakala kwenye taasisi ya uhakiki, wao wanawasiliana na chuo chako, chuo kinajibu ndiyo huyu ni wetu au hapana hatumjui. Baraza la Uingereza, yaani GMC, linatumia huduma inayoitwa EPIC ambayo inaendeshwa na ECFMG, taasisi ya Marekani inayohakiki sifa za madaktari waliosoma nje, na nchi za Ghuba zinatumia sana kampuni ya DataFlow. Mwenye cheti cha kughushi anakwama hapa. Tatizo ni kwamba hata wasio na hatia wanakwama hapa hapa. Pasipoti ina majina matatu na cheti kina mawili. Mohamed kwenye kimoja ni Mohammed kwenye kingine. Chuo kimebadilishwa jina, au kimeunganishwa na kingine, au karani wa masijala anaona imeili kutoka nje anadhani ni matapeli anaifuta. Mtu anakaa miezi anasubiri jibu la mstari mmoja. Kama una ndugu anasoma nje mwambie ahakikishe jina kwenye cheti linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi kabla hajaondoka chuoni, kurekebisha ukiwa bara lingine ni mateso.

Mbali na makaratasi kuna lugha. Uingereza wanataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa kitaaluma, wastani wa 7.5 na usishuke chini ya 7 kwenye kipengele chochote, au OET ambao ni mtihani wa lugha uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya. Ujerumani wana wa kwao unaitwa Fachsprachprüfung na mimi naupenda jinsi ulivyopangwa. Ni saa moja imegawanywa mara tatu, dakika ishirini ishirini. Kwanza unaongea na mgonjwa wa kuigiza kwa Kijerumani cha kawaida, halafu unaandika maelezo yake, halafu unamweleza daktari mwenzako kwa lugha ya kitabibu. Yaani unapimwa kama unaweza kusema jambo lile lile kwa bibi asiyejua lolote na kwa bosi wako, ndani ya saa moja. Wapo wanaojua dawa vizuri kabisa na wanaangukia hapo.

Tuje kwenye mtihani wenyewe. Nchi nyingi wanaugawa sehemu mbili, ya kujua na ya kutenda.

Sehemu ya kujua inafanyika kwa maswali ya kuchagua. Marekani wana USMLE, ambao una ngazi tatu, Step 1, Step 2 CK na Step 3. Step 1 peke yake ni siku nzima ya saa nane na maswali mpaka 280, Step 2 CK ni saa tisa, na Step 3 inachukua siku mbili. Uingereza wana PLAB 1, maswali 180 kwa saa tatu. India wana FMGE, maswali 300, unatakiwa upate 150. Australia wana wa kompyuta wenye maswali 150, na ule unabadilika kadiri unavyojibu, ukipatia unaletewa gumu zaidi, ukikosa unaletewa jepesi, kwa hiyo watu wawili waliokaa viti jirani hawapewi maswali yale yale.

Mtu akisikia maswali ya kuchagua anasema ah, hapo si unabahatisha tu. Hebu tuangalie swali la aina hiyo lilivyo. Kijana kachomwa sindano ya penisilini, dakika tano baadaye anavimba midomo, anakoroma akivuta pumzi, presha imeshuka. Utampa nini kwanza? Majibu: dawa ya mzio ya chlorpheniramine, hydrocortisone, salbutamol ya kuvuta, adrenalini ya kwenye msuli, au dripu. Angalia vizuri, hakuna dawa ya kijinga hapo, zote unaweza kumkuta nazo mgonjwa huyo ndani ya saa moja. Lakini neno linaloamua ni kwanza, na jibu ni adrenalini kwenye msuli wa paja, hizo nyingine zinafuata. Aliyekariri orodha ya dawa za mzio anakosa. Aliyeelewa kwamba njia ya hewa inafunga na muda hakuna anapata. Maswali mazuri ya leseni yanatungwa hivyo, yanatafuta kama utaua mtu kwa kuchelewa.

Na kuna mambo ya nchi yenyewe. Dawa ile ile Uingereza wanaiita paracetamol na Marekani acetaminophen, salbutamol kule ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, kiwango cha kusema huyu ana kisukari, Uingereza wanakiandika 7.0 na Marekani 126, kipimo kimoja kwa vizio tofauti. Daktari mzuri kabisa akikutana na 126 bila kujua kizio anaweza kuhisi mgonjwa amekufa zamani. Halafu kuna sheria: mtoto wa miaka kumi na tano anaweza kukubali matibabu bila mzazi kujua au hawezi, mgonjwa wa kifafa nani anamwambia asiendeshe gari, siri ya mgonjwa inavunjwa lini. Haya hayategemei akili wala chuo, yanategemea sheria ya pale ulipo, na mtu aliyesomea mbali hana namna ya kuyajua mpaka ayasome.

Sehemu ya pili ndiyo inayotisha watu, mtihani wa vitendo, unaitwa OSCE. Aliyeubuni ni Ronald Harden wa Dundee huko Scotland, miaka ya 1970, kwa sababu mitihani ya vitendo ya zamani ilikuwa bahati nasibu, wewe unapewa mgonjwa mpole mwenye dalili zote, mwenzako anapewa mkali asiyetaka kuguswa, na msahihishaji ni mmoja tu ambaye labda kaamka vibaya. OSCE inafanya kila mtu apite vituo vilevile, wagonjwa walewale wa kuigiza, na kila kituo msahihishaji wake.

PLAB 2 ya Uingereza ndio mfano mzuri. Inafanyika Manchester peke yake, kwa hiyo uwe umetokea bara gani utatafuta viza na utapanda ndege. Vituo 16. Unasimama nje ya mlango una dakika moja na nusu ya kusoma karatasi ya maelezo: wewe ni daktari wa zamu, bwana huyu ana miaka 58, kaja na maumivu ya kifua, zungumza naye na umweleze utakachofanya. Kengele inalia unaingia, una dakika nane. Ndani kuna mtu kashika kifua, ni mwigizaji, na kwenye kona kakaa msahihishaji kimya. Wengi waliosoma mahali ambapo daktari anaongea na mgonjwa anaitikia wanafanya kitu kimoja: wanaanza kupiga maswali kama polisi, yalianza lini, yanaenda mkono gani, unavuta sigara, halafu wanatoa lundo la vipimo na dawa. Majibu yote sahihi. Bwana yule kila akitaka kusema kitu anakatwa. Alichotaka kusema ni kwamba kaka yake alikufa wodini baada ya kulazwa kwa maumivu kama haya na yeye hataki kulazwa, anataka dawa aende nyumbani. Usipolitoa hilo kwake, mpango wako wote wa matibabu haufanyi kazi maana mgonjwa anaondoka. Na maksi za kuongea na mtu zinahesabika kama za kujua dawa. Hapa ndipo unamkuta daktari wa miaka kumi kazini anafeli na intern aliyemaliza juzi anapita, watu wanashangaa, lakini hakuna cha ajabu, yule wa miaka kumi anajua ugonjwa na amesahau kusikiliza, au hakuwahi kufundishwa kwamba kusikiliza nako kunapewa maksi.

Binafsi naona hapa kuna ukweli mbili kwa pamoja. Kusikiliza mgonjwa ni udaktari, sio mapambo. Lakini pia kuna namna ya kuigiza upole ambayo ni ya utamaduni wa wenye mtihani, unajua lini useme pole na kwa sauti gani, na wapo wanaofundishwa sentensi za kukariri kabisa kwa ajili ya hilo. Wasahihishaji wanaozoea wanazisikia sentensi hizo mara nyingi, huruma ya kukariri inajulikana tu.

Kitu kingine kinachozua maneno ni alama ya kufaulu. Watu wanaona msimu huu ilikuwa hivi, msimu ule ikapanda, wanasema basi wanarekebisha ili wafelishe, wana idadi yao. India ni rahisi, 150 kati ya 300, imekaa hapo. Lakini kwenye PLAB 1 na mingine mingi alama inahama kwa sababu maswali yanahama. Jopo la madaktari linakaa na swali moja moja na kila mmoja anajiuliza: nikichukua madaktari mia ambao ndio kwanza wanatosha, sio vipanga wala sio mizigo, wangapi wangelipata hili? Mmoja anasema sabini, mwingine sitini, wanajumlisha na kugawanya, wanafanya hivyo kwa maswali yote, jumla inayotoka ndiyo alama ya kufaulu ya karatasi hiyo. Karatasi ikiwa ngumu alama inashuka, ikiwa laini inapanda. Wote wakifikia wote wanafaulu, hakuna kiti cha kugombea. Kugombea viti kupo ila kuko mbele, tutafika.

Sasa tuguse uzushi unaozunguka.

Kwamba mitihani hii ni ya wageni tu. USMLE hiyo hiyo anaifanya mwanafunzi wa udaktari wa Marekani mwenyewe. Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa kweli, PLAB ilikuwa ya waliosoma nje na wa ndani walitegemea mitihani ya vyuo vyao, watu walilalamika na walikuwa na hoja. Kuanzia wahitimu wa mwaka wa masomo 2024/25 wanafunzi wa vyuo vya Uingereza nao wanatakiwa kufaulu tathmini ya leseni inayoitwa MLA, na PLAB imelinganishwa na mtaala huo huo wa mitihani.

Kwamba ni ya kuzuia wageni wasichukue kazi. India inavunja hoja hii peke yake, maana FMGE iliyoanzishwa 2002 inawahusu raia wa India wenyewe waliokwenda kusoma nje wakarudi nyumbani. Na ni mtihani ambao kwa kawaida wanaofeli ni wengi kuliko wanaofaulu. Waliorudi kutoka vyuo vya China, Urusi, Ukraine na kwingine wanakutana nao wote. Tena tangu 2021 India iliongeza masharti mengine juu ya mtihani: kozi iwe angalau miezi 54, intanishipu miezi 12 huko huko ulikosomea, halafu miezi 12 mingine ukirudi. Masharti haya yalikutana na korona na vita ya Ukraine iliyopamba moto Februari 2022, maelfu ya wanafunzi wakajikuta wanamalizia udaktari kwenye skrini ya laptopu, na mabaraza yakabaki na swali gumu, je mtu anaweza kujifunza kupapasa tumbo la mgonjwa kwa Zoom? Mimi nadhani hapana, ila pia sio kosa la mwanafunzi kwamba mabomu yalidondoka.

Lakini nisidanganye kwamba siasa haipo kabisa. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna sheria ya mwaka 2005 inayofanya digrii za udaktari za nchi wanachama zitambuliwe moja kwa moja. Daktari aliyesoma Romania akienda Ujerumani anaulizwa lugha, hafanyi mtihani wa maarifa. Aliyesoma nje ya Ulaya, mtaala wake unalinganishwa na wa Kijerumani, wakikuta tofauti kubwa anapelekwa kwenye Kenntnisprüfung, mtihani wa mdomo na wa vitendo wenye mgonjwa ndani yake, na akifeli mara tatu ndio basi. Je, kila chuo cha ndani ya Umoja ni bora kuliko kila chuo cha nje? Hakuna anayeweza kusema hivyo akiwa na akili zake. Ni makubaliano ya nchi, na mwenye kuwa nje ya makubaliano ndiye anayepimwa.

Kwamba waliosoma nje ni dhaifu. Kuna utafiti ulichapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2017, uliangalia wazee wa Marekani waliolazwa hospitali, ukalinganisha waliotibiwa na madaktari waliosoma Marekani na waliotibiwa na waliosoma nje. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 11.6 kwa wa ndani na 11.2 kwa waliosoma nje. Tofauti ndogo, lakini imeelemea upande ambao wengi hawautegemei. Usikimbie nayo sana hata hivyo, hao waliosoma nje ni wale waliopita chekeche zote, waliokwama hawakuhesabiwa. Ila hiyo ndiyo maana ya kuwa na chekeche. Marekani karibu robo ya madaktari wake walisoma nje, Uingereza ni kama wanne kati ya kumi, ukiwatoa hao kesho hospitali zinafungwa.

Kwamba ukifaulu wa nchi moja unatumia popote. Hapana. Kila nchi ina lake, na kuna nchi kama Marekani ambako leseni haitoki serikali kuu, inatoka kwenye bodi ya jimbo, na Ujerumani nako ni majimbo 16 kila moja na mamlaka yake. Kuna nchi zinazokusamehe mtihani wao ukiwa na sifa fulani za juu za kutambulika, GMC kwa mfano inakubali baadhi ya mitihani ya ubingwa badala ya PLAB, lakini hilo lazima ulithibitishe kwa baraza lenyewe, usilipate kwa wakala wa viza.

Na kwamba kuna watu wana maswali ya mtihani kabla haujafanyika. Kila msimu wanajitokeza, wana magrupu yao, wanauza karatasi za maswali yaliyopita. Mwanzoni mwa 2024 waendeshaji wa USMLE walifuta matokeo ya kundi la watahiniwa waliohusishwa na Nepal, baada ya uchambuzi wa majibu kuonyesha dalili kwamba maswali yalionekana kabla. Baadhi walikwenda mahakamani. Fikiria mtu ambaye hakuiba chochote lakini matokeo yake yameingia kwenye kapu hilo. Kompyuta zao zinaangalia mpaka sekunde ulizotumia kwenye swali, ukijibu swali la mistari kumi na mbili kabla ya muda wa kulisoma wanajua.

Haya, umefaulu yote, umepata cheti. Hapa ndipo habari halisi ilipo na ndipo magazeti hayafiki. Kufaulu kunakupa haki ya kuomba, hakukupi kazi. Marekani baada ya Step 1 na Step 2 CK na cheti cha ECFMG unatakiwa uingie rezidensi, mafunzo ya miaka mitatu au zaidi hospitalini, na bila hiyo majimbo mengi hayakupi leseni kamili hata kama wewe ni bingwa wa miaka ishirini kwenu. Nafasi za rezidensi zinagawiwa kwa mfumo wa kompyuta unaolinganisha chaguo la daktari na chaguo la hospitali, matokeo yanatoka Machi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya MD vya Marekani wanaopata nafasi ni zaidi ya 9 kati ya 10. Waliosoma nje wasio raia ni karibu 6 kati ya 10. Hao wanne wanaobaki wote wamefaulu mitihani. Na USMLE ina jambo moja baya, ukishafaulu hatua hauruhusiwi kuirudia ili upate alama nzuri zaidi. Tangu Januari 2022 Step 1 inatoa faulu au feli tu bila namba, kwa hiyo presha yote imehamia Step 2 CK, ukiipita kwa alama za kuungaunga ndizo utakazotembea nazo.

Uingereza hakuna huo mfumo wa kulinganisha kwa kazi za kawaida, unapata usajili halafu unaanza kutuma maombi, na miaka ya karibuni waliofaulu PLAB wamekuwa wengi kuliko kazi za ngazi yao, tangazo moja linapokea mamia ya maombi na linafungwa kabla ya siku yake. Kanada nako watu wamekuwa wakilia hivyo hivyo miaka mingi, mitihani wamepita, nafasi za mafunzo hakuna.

Kwa hiyo ukikutana na stori ya daktari anayeendesha teksi ughaibuni usikimbilie kusema alifeli, inawezekana kabisa alifaulu kila kitu na kakosa kiti. Na nchi hiyo hiyo unaisikia inalia haina madaktari. Inaonekana kichekesho lakini nafasi ya mafunzo inahitaji hela, daktari wa kumsimamia, na wodi yenye wagonjwa wa kutosha, na hizo zinaongezeka polepole sana kuliko wanaofaulu mitihani.

Baadhi ya sehemu zimeanza kulegeza. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2023 inayomruhusu daktari aliyesoma na kupata uzoefu nje apewe leseni ya muda afanye kazi chini ya usimamizi bila kurudia rezidensi, na majimbo mengine kadhaa yakafuata na sheria zao zinazofanana. Mitihani wanatakiwa kuipita bado. Kanada baadhi ya majimbo wana utaratibu wa kumweka daktari mzoefu kazini kwa wiki kadhaa akiangaliwa na mwenzake, wakiridhika anapewa leseni ya masharti na kupelekwa sehemu yenye uhaba. Wanaojiandaa sasa hivi wasome sheria hizi zenyewe kwenye kurasa za mabaraza, mstari kwa mstari, maana kuna mawakala wameshaanza kuzitangaza kama vile mtihani umefutwa.

Na kwa anayefikiria kwenda kusoma udaktari nje, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada ni machache. Chuo kipo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari au hakipo? Baraza la nchi unayotaka kufanyia kazi, sio ya chuo, linasema nini kuhusu muda wa kozi, lugha ya kufundishia na intanishipu? Mwaka wa nne na wa tano mnakuwa hospitali gani, na wagonjwa wa huko wanaongea lugha gani? Hili la mwisho mawakala hawalipendi kabisa. Darasa linaweza kuwa la Kiingereza kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa lakini mgonjwa wa wodini haongei Kiingereza, na kama hukumwelewa miaka miwili mfululizo basi historia ya mgonjwa umejifunzia kitabuni, na kituo cha kwanza tu cha OSCE kitakuonyesha.